Mke Wangu na Mashine Iliyofunikwa

Machi 2

Ndoa yetu imetimiza mwezi mmoja, na bado kila asubuhi nikiamka nageuka upande wa pili kuhakikisha kwamba sikuota. Yupo. Amelala chali, mkono mmoja nje ya shuka, kalamu imenasa kati ya vidole kama mtu aliyekatikiwa umeme katikati ya sentensi. Mke wangu! Neno hili nalitamka peke yangu njiani nikienda kazini. Jana mama muuza mkaa alinisikia akaniuliza kama nina homa.

Nimeamua kuandika habari za muhula huu wote, kwa sababu ni muhula wake wa mwisho chuoni. Mimi masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Ni kinyozi katika saluni ya mjomba wangu na sina la kulalamika. Yeye anasoma uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu cha serikali, kile ambacho watu huomba kwa maelfu wakachukuliwa wa kujaza chumba kimoja. Katika chumba hicho yeye ni wa kwanza. Msinielewe vibaya: si wa kwanza kati ya wasichana. Wa kwanza, nukta.

Mwezi wa sita akimaliza mtihani atakuwa injinia. Ee Mungu, nijalie nisipasuke kabla ya hapo.

Machi 5

Mvua. Wateja wawili tu. Nimemuwaza kutwa.

Machi 9

Asubuhi tukinywa chai nilimuuliza mashine anazosomea zinatoa sauti gani. Lilikuwa swali la mapenzi tu, nilitaka nimsikie akizungumza. Akaendelea kukoroga chai iliyokwisha koroganyika.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kuisikia."

Ndipo akanieleza. Karakana ya chuo ina mashine kubwa ya kukereza vyuma, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya mpaka kibaki unene unaoutaka. Ililetwa yeye akiwa mwaka wa kwanza. Siku hiyo hiyo ikafunikwa nailoni, mlango ukafungwa, na ufunguo ukaning'inia kiunoni mwa mkuu wa idara. Wanafunzi wanamwita Mzee Funguo. Somo la vitendo linafanyika ubaoni: mashine inachorwa, wanafunzi wananakili, siku ya mtihani wanaichora tena. Mke wangu huichora vizuri kuliko wote. Alinichorea palepale kwenye karatasi ya sabuni, kila gia na kila mkono, na pembeni akaweka hesabu zilizonifanya nitamani kumuoa upya.

"Basi hicho si chuo, ni darasa la uchoraji," nikasema kwa hasira. "Mimi kunyoa sikujifunza kitabuni. Vitabu vinawapotezea muda."

Nilidhani namtetea. Akaweka kikombe chini.

"Usinitetee kwa kutukana vitabu vyangu. Hesabu hizi ndizo zinazoniambia chuma kitakatika lini na kitamkatikia nani. Mimi sijachoka na vitabu. Nataka na mashine. Vyote viwili. Kwani wewe ulipooa uliambiwa uchague sura au akili?"

"Nilipata vyote."

"Haya. Na mimi nataka hivyo hivyo."

Machi 10

Bado amenuna kidogo. Nimepika mimi, nimeunguza. Amecheka. Tumepatana. Sufuria iko nje inalowekwa na mvua.

Machi 17

Saluni leo walinikalia kooni. Dereva wa lori, ambaye huja kuchongwa ndevu kila akitoka safari, alianza: "Shemeji injinia hajambo?"

"Hajambo."

"Akishavaa joho, wewe kazi yako itakuwa kumshikia mkoba."

"Nitaushika. Mkoba wenyewe mzuri."

"Na atakuambia mbele ya wenzake kuwa wewe ni dereva wake!"

"Ningekuwa na gari ningeshukuru."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mjomba akasema, "Mwacheni huyo, ameshalishwa limbwata, hata mkimkata hasikii." Ni kweli, sisikii.

Machi 24

Kesho chuoni kuna wageni, wale walioizawadia chuo mashine. Mke wangu anasema mambo haya hutokea kila mwaka: nailoni inavuliwa, mashine inafutwa vumbi, wanafunzi wanavalishwa ovaroli mpya na kusimamishwa mbele yake, picha zinapigwa, jioni nailoni inarudishwa. Wenyewe wanaiita siku ya kuvua nguo. Mwaka huu wamemchagua yeye asimame karibu kabisa na mashine, kwa kuwa ndiye bora.

Hata sisi vinyozi tumeitwa. Wavulana wa mwaka wa mwisho wapunguzwe nywele, wageni wasione vichaka.

Machi 25

Lazima niandike kabla sijalala.

Mjomba na mimi tuliweka viti vyetu kwenye ukumbi wa nje, mbele ya dirisha la karakana lililo wazi. Nilimuona mke wangu akiwa ndani. Ovaroli ilikuwa mpya hivi kwamba mikunjo ya dukani ilionekana, mistari mraba mraba kifuani. Nilimpungia. Akajifanya hanijui, lakini alikuwa anacheka kwa shavu moja, hilo la kushoto.

Wageni wakaingia. Mzee Funguo, mwembamba, kipara kinachong'aa, alifungua mikono kama mwenye harusi. "Hapa ndipo vijana wetu wanapofanyia kazi kila siku."

Miongoni mwa wageni kulikuwa na bibi mmoja aliyetundika miwani shingoni kwa kamba. Akamwambia mke wangu, "Binti, hebu iwashe tuione."

"Kwa usalama wenu," Mzee Funguo akawahi, "ataieleza."

Akaieleza! Mungu wangu, aliieleza. Kila sehemu kwa jina lake, inavyoshika chuma, inavyokimenya, kwa nini kisu kinainama hivi na si vile. Hakukwama hata mara moja. Yule bibi akafurahi mno, akamshika bega. "Unaijua kweli kweli! Hebu niambie, umeshatengeneza nini nayo?"

Mvua tu juu ya bati.

Nilikuwa namnyoa kiongozi wa darasa. Nikamuona mke wangu anainama nyuma ya mashine, anavuta waya mnene mweusi, anauinua juu watu wote wauone. Mwisho wa waya ulikuwa umeviringishwa utepe wa gundi, kama ulivyotoka kiwandani.

"Waya huu haujaunganishwa popote," akasema. Sauti haikupanda wala haikushuka. "Ninachokijua nimekijua kitabuni, na nakijua vizuri. Lakini mashine yenyewe naigusa leo kwa mara ya kwanza. Sisi wote hapa, leo ndiyo mara ya kwanza."

Mkono wangu ukateleza. Kiongozi wa darasa nikamfungulia barabara kutoka paji la uso mpaka kisogoni.

Machi 26

Nailoni imerudishwa. Waya umefichwa. Mke wangu anakula vizuri na kulala vizuri, mimi ndiye nisiyelala.

Aprili 2

Kamati ya nidhamu imetoa neno. Mke wangu asimame mbele ya idara nzima na aseme kwamba alitishika na wageni, akasema mambo yasiyokuwepo, na kwamba anaomba radhi. Asiposema hivyo, mtihani wa Juni hafanyi. Mtihani ukimpita, shahada imempita.

Amewajibu hataomba radhi.

Wenzake wamemgeuka. Kiongozi wa darasa, aliyelazimika kunyoa kichwa chote kwa ajili yangu, alikuja mpaka mlangoni kwetu. "Dada, tumefika mwisho wa safari, unatoboa ngalawa! Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe tumelifunika miaka minne," akamjibu. "Mwanaharamu hajapita. Amejenga."

Kijana akanitazama mimi, akashika kichwa chake, akaondoka.

Aprili 6

Leo nimeona haya na nitaiandika haya yangu.

Mama mkwe alifika asubuhi, amelowa chapachapa, mwavuli umepinda mbavu. Alimsomesha binti yake peke yake, kwa kushona sare za shule mpaka macho yakaanza kumuuma. Hakukaa. "Mwanangu, mdomo uliponza kichwa. Sema umekosea, yaishe. Ulimi hauna mfupa."

"Wa kwangu unao, mama. Nimerithi kwako."

"Usinichekeshe, nimekasirika!"

Kisha mama mkwe akanigeukia. "Baba, zungumza na mkeo." Na mimi, badala ya kusimama upande wa mke wangu, nikasema, "Mpenzi, aibu ni ya dakika moja. Shahada ni ya maisha."

Akanitazama. "Na wewe?"

Maneno mawili tu. Afadhali angenipiga na sufuria.

Kisha akasema kwa upole, ule upole unaouma kuliko ukali: "Siku moja nitakuja kuweka sahihi kwamba lifti fulani ni salama. Kwamba boila la hospitali halitapasuka. Watu watapanda, wataingia, kwa kuamini sahihi yangu. Sasa niambieni, nikisema leo kwamba waya ulikuwa umeunganishwa, hiyo kweli nitaanza kuisema lini? Baada ya kupewa joho?"

Mama mkwe akakaa. Akavua viatu, akaminya maji kutoka kwenye soksi, moja baada ya nyingine. "Nipeni chai," akasema.

Aprili 7

Nimemuomba radhi. Amenikubalia, lakini kwanza alinitesa mpaka mchana. Nampenda hata anaponitesa.

Aprili 14

Kama mtu angenihadithia nisingeamini.

Mchana mvua ilimwagika kwa ndoo, na aliyekimbilia kujikinga saluni kwetu alikuwa Mzee Funguo mwenyewe! Alikuwa peke yake, koti juu ya kichwa. Hakunitambua, siku ile ya wageni vinyozi hatukuwa na sura. Akaona kiti kitupu, akajishika kidevu. "Ninyoe hizi ndevu nikisubiri mvua."

Mjomba akanikonyeza kuwa atamchukua yeye. Nikamkatalia kwa kichwa. Nikamfunga shuka shingoni, nikampaka povu, nikashika wembe. Wembe kwenye koo la mtu anayetaka kumnyima mke wangu mtihani! Niliuweka kwa uangalifu kuliko siku yoyote maishani mwangu.

"Ulijifunzia wapi kazi hii?" akauliza. Watu wakiwa chini ya wembe hupenda kuzungumza.

"Kwenye kichwa cha huyu mzee hapa," nikasema, nikimuonyesha mjomba. "Saluni hii kichwa cha kwanza cha mwanafunzi ni cha mwenye saluni. Hatujifunzii kwa mteja."

Mjomba akageuza sikio lake la kulia, lile lenye pengo juu. "Kazi yake hiyo. Na hili la kushoto ni la aliyemtangulia."

Mzee Funguo akacheka kwa pua, asitingishike. "Na kama angekutoboa jicho?"

"Ndiyo maana nilikaa mimi," mjomba akasema. "Aliyekaa kwenye kiti hufundisha kwa makini."

Nikamaliza shavu la kulia. Halafu Mzee Funguo akaanza kusema, kama anaongea na kioo. Zamani, alipokuwa kijana, karakana ilikuwa na mashine nyingine. Yeye ndiye aliyewaachia wanafunzi waitumie. Katika mwezi wa kwanza wakavunja gia zake, kipuri hakikupatikana, na mkuu wa wakati huo akamsimamisha mbele ya wote akamuita mharibifu wa mali ya umma. "Nikala yamini. Nikipewa mashine nyingine, haitaharibika. Na haijaharibika."

"Haijafanya kazi pia, mzee," nikasema.

Macho yake yakanitafuta kwenye kioo. "Wewe ni nani?"

"Kinyozi." Nikafuta wembe. "Na mume wa yule aliyeinua waya."

Mjomba aliacha mkasi hewani. Povu likamdondoka Mzee Funguo kutoka kidevuni. Alitazama wembe, akanitazama mimi.

"Umebakiza upande wa kushoto," akasema.

Nikamnyoa upande wa kushoto. Sijawahi kumnyoa mtu vizuri namna ile. Aliondoka na mvua bado inanyesha.

Aprili 17

Nilimsubiri mke wangu mlangoni. Alirudi kutoka kwenye kamati amelowa, viatu vimejaa tope.

"Wamekubali nisiombe radhi."

Nikamuinua juu. Jirani akapiga vigelegele bila kujua sababu.

"Nishushe, hujasikia mwisho!"

Mwisho wenyewe umetoka kinywani mwa Mzee Funguo. Kwa kuwa mwanafunzi huyu anadai kunyimwa mashine, basi mtihani wake wa vitendo ataufanyia mashineni, peke yake. Wenzake watachora kama kawaida. Akitoa kazi sahihi, amefaulu. Asipotoa, shahada itamngoja mpaka atakapoitoa.

Mjomba amesema ni mtego. Mama mkwe amesema ni mtego. Mimi namkumbuka yule mzee kwenye kioo na sijui niseme nini.

"Ni mtego," mke wangu akasema, akijikausha nywele. "Lakini mtego wenye umeme ndani. Ili wanitahini, lazima waunganishe waya."

Mtu huyu ni wangu! Nani alinipa?

Aprili 21

Karakana haifunguliwi mpaka siku ya mtihani. Kwa hiyo leo tumekwenda kumtafuta fundi wa kukereza, nyuma ya stoo za mbao. Jina lake halisi sikulisikia. Juu ya mlango ameandika BINGWA, na hivyo ndivyo anavyojiita.

Akamtazama mke wangu juu mpaka chini. "Dada, unamtafuta mumeo?"

"Mume wangu huyu hapa. Natafuta mashine."

Bingwa alicheka mpaka akaegemea mlango. "Watu wa chuo! Nyinyi mnakereza kwa kalamu. Nendeni, nina kazi."

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kumrudisha mteja. Bwana mwenye mashine ya kusaga alikuwa anaondoka na nati na bolti lake lililolika mkononi. Mke wangu akaliomba, akalitazama meno yake. "Kwa nini humkatii jingine?" akamuuliza Bingwa.

"Hilo ni la milimita. Mashine yangu ni ya inchi. Halikatiki hapa."

"Gia za ziada unazo?"

Zilikuwa kwenye kopo la rangi, zimejaa grisi. Akazimwaga chini, akachuchumaa na gauni lake zuri (lile la buluu, hata sikuthubutu kusema), akazihesabu meno, akachana kipande cha mfuko wa saruji akaanza kupiga hesabu ya kugeuza inchi kuwa milimita. Alifuta, akaanza tena, akauma kalamu. Bingwa alikuwa ananikonyeza mimi kana kwamba tuko upande mmoja.

"Panga hii hapa, hii hapa, na hii katikati."

"Haitaingia."

"Ikikataa nitakufagilia karakana mwezi mzima."

Bingwa akazipanga. Akakata bolti jipya. Akachukua nati ya mteja, akaiingiza kwa vidole viwili. Ikaenda mpaka mwisho, laini kama inaingia kwenye siagi. Akaitoa, akairudisha, akaitoa.

"Kesho saa moja," akasema bila kututazama. "Usichelewe. Na pete uivue, mashine haina huruma na vidole vya maharusi."

Njia nzima pete yake ilikuwa kwenye kidole changu kidogo. Iliishia kwenye kifundo. Sikutaka kuirudisha.

Aprili 22

Amevunja kisu.

Aprili 23

Amevunja kingine. Bingwa amecheka mpaka amekaa chini. Anasema injinia anazungusha mkono wa mashine kama anakuna nazi.

Aprili 24

Mvua. Kisu cha tatu. Amelia kidogo, kisha akaniambia nisiandike kwamba amelia.

Mei 3

Leo amekuja mbio mpaka saluni, ovaroli imejaa grisi, shavuni ana alama nyekundu mahali chuma cha moto kilipomrukia. Wateja wamejaa. Hakuwajali.

"Nimeisikia!"

"Nini?"

"Sauti! Uliniuliza, sikukujibu." Akaanza kuuiga mlio, huku mikono inazunguka, kwanza ule mzuri, mnene, halafu ule wa kisu kilichochoka, unaotetemeka na kukwaruza. Dereva wa lori alifungua mdomo akasahau kuufunga.

"Hiyo haikuwemo vitabuni?" nikamuuliza kwa uchokozi.

"Ilikuwemo. Ukurasa mzima, na hesabu zake. Ila hawakusema kwamba unauma meno."

Nikamfuta grisi shavuni kwa taulo la wateja. Mjomba akasema taulo hilo nilifue mwenyewe.

Mei 11

Mvua tena. Barabara ya kwa Bingwa imegeuka mto. Amevua viatu, amekwenda.

Mei 20

Kiongozi wa darasa alikuja saluni. Nywele zimeanza kuota. Nikajua anataka kulipiza, nikashika ufagio.

"Shemeji," akasema, "huko anakojifunza dada, wanaruhusu na wengine?"

"Wewe si ulisema afunike kombe?"

"Nimeshapata ahadi ya kazi kiwandani. Jana walinipeleka kuona mashine nitakazosimamia." Akatazama chini. "Zilikuwa zinawaka zote, shemeji. Nikaweka mikono mfukoni ili isionekane ilivyo laini."

Nikampeleka mwenyewe kwa Bingwa. Jioni hiyo naye akavunja kisu.

Mei 29

Fundi wa umeme ameonekana chuoni akiingia karakana na ngazi. Mke wangu amepata habari hiyo kwa watu sita tofauti.

Juni 4

Nilisimama kwenye dirisha lile lile, safari hii bila mkasi. Mama mkwe alikuwa kando yangu, na darasa zima nyuma yetu, wameshamaliza kuchora kwao. Mke wangu alinipitishia pete dirishani. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Mzee Funguo aliiondoa nailoni kwa mikono yake, akaikunja mara nyingi kupita kiasi. Kazi ilikuwa moja: akereze shafti, fimbo nene ya chuma, iwe na unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho.

Akawasha. Jamani! Ile sauti nene ilipoanza, darasa lote lilipiga kelele kama goli limeingia. Mtahini akatishia kutufukuza. Maganda ya chuma yakaanza kudondoka, yamejisokota, yanang'aa. Nikawaza: mimi nanyoa watu, mke wangu ananyoa chuma.

Akazima. Akapima mwisho wa huku, akapima mwisho wa kule. Nikaona uso wake unabadilika. Akakereza tena, akapima tena. Kisha akasimama wima.

"Shafti inatoka nene huku na nyembamba kule. Mashine haijasawazishwa. Ilishushwa hapa ikafunikwa tu."

"Mtahiniwa," mtahini akasema, "muda unakwenda."

Kiongozi wa darasa akanong'ona dirishani, "Dada, msasa! Ipige msasa upande mnene, watapima watapita!" Hila hiyo Bingwa amewafundisha wote, anaitumia kwa wateja wasiojua.

Alisikia. Sote tulimuona akisikia. Alitazama msasa mezani, akatazama shafti.

"Hii yangu itapita," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Na ya atakayekuja baada yangu itatoka imepinda, na ya baada yake. Nipeni pima maji."

Mama mkwe akanishika mkono akaubana mpaka mifupa ikalia.

Wakamletea. Akaiweka juu ya mashine, kiputo cha ndani kikakimbilia pembeni. Akalala kifudifudi sakafuni, akaingia chini ya mashine, akaanza kulegeza bolti za miguu na kuchomeka vipande vya bati. Anatoka anatazama, anarudi chini. Anapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Sisi tulichokuwa tunakiona ni viatu vyake tu.

Alikuwa bado chini pale mtahini aliposema, "Muda umekwisha."

Viatu vikatulia kidogo. Halafu vikaendelea kujisogeza, akihamia mguu wa nne.

Juni 5

Amefeli.

Naliandika neno hili kwa herufi kubwa moyoni na sitalifuta. Mke wangu, wa kwanza wa darasa, ndiye pekee aliyefeli vitendo. Waliochora wamefaulu wote.

Tuliitwa wote wawili ofisini kwa Mzee Funguo. Alikuwa na vumbi magotini. Mlinzi ametuambia kwamba jana, watu walipoondoka, alirudi karakana peke yake akapiga magoti mbele ya mashine na ile pima maji.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Hukutoa kazi. Utarudia."

"Sawa," mke wangu akajibu. "Narudia mashine, au narudia maneno?"

Mzee akafikiri. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa. "Mashine."

"Basi nahitaji mazoezi. Karakana iwe wazi."

"Kwa ajili yako?"

"Nikiingia peke yangu ni upendeleo, na upendeleo sitaki. Iwe wazi kwa wote, kuanzia mwaka wa kwanza."

"Wataivunja."

"Visu watavunja, ndiyo. Mimi nimevunja vitatu. Wewe njoo ukae karibu, kama yule mzee wa saluni."

Mzee Funguo alinitupia jicho. Nikajitazama kucha. Akajipangusa vumbi gotini, kwa muda mrefu, gotini palipokwisha takata.

"Kazi ya jana haijaisha," akasema mwishowe. "Mguu wa nne bado uko juu. Hatuwezi kuiacha hivyo."

Tukashuka karakana sote. Kiongozi wa darasa alikuwa tayari mlangoni na wenzake, hata wa mwaka wa kwanza, na mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kasha akiwasimulia namna ya kunyoosha mshono. Mke wangu akaingia chini ya mashine. Mzee Funguo alishika pima maji na kuita, "Kidogo. Kidogo. Umepita. Rudi." Walibishana kuhusu kipande cha bati kama mtu na baba yake.

Kisha mke wangu akaichukua ile shafti ya jana, ile ile iliyomfelisha, akaifunga tena mashineni na kuikereza. Hakukuwa na mtahini wala alama. Alipozima, akapima huku, akapima kule, uso wake usiseme kitu. Kiongozi wa darasa akauliza kwa wasiwasi, "Iko sawa, dada?"

Akampa shafti na kipimo.

"Usiniamini. Pima."

Akapima. Akampa aliyemfuata, naye akapima. Mstari ukatoka nje ya mlango, mvua ikiwanyeshea wa nyuma, na hakuna aliyeondoka. Mzee Funguo alipima mara mbili. Mama mkwe naye alikuwa kwenye foleni, ameshika miwani yake, anamuuliza mtoto wa mwaka wa kwanza hicho kipimo kinashikwaje.